Mikopo ya nyumba ya serikali: Nafasi ya mwalimu na mpangaji wa Eastleigh

MWALIMU wa shule ya umma anayepanga nyumba Eastleigh na muuzaji nguo anayelipa kodi katika jengo lilo hilo husikia tangazo moja la serikali kuhusu mikopo ya nyumba, lakini hawapiti mlango mmoja. Wa kwanza ana hati ya mshahara. Wa pili hana, hata kama mapato yake ya mwezi ni makubwa kuliko ya mwalimu. Tangu mikopo ya nyumba ilipoanza kutolewa kwa wananchi wa Kenya, karatasi hiyo moja imeamua mengi kuliko kiwango cha fedha ambacho mtu anaingiza.

Takwimu za Benki Kuu ya Kenya, CBK, zinaonyesha kwamba kufikia mwisho wa 2022, mikopo ya nyumba iliyokuwa ikilipwa katika benki zote nchini haikufika 28,000. Sensa ya 2019 ilikuwa imehesabu zaidi ya watu milioni 47. Wastani wa mkopo mmoja ulizidi Sh9 milioni, kiasi ambacho mwalimu wa darasa hawezi kukilipa hata akiacha kula. Kwa maneno mengine, soko la kawaida la mikopo ya nyumba halikujengwa kwa ajili yake, na ndiyo sababu serikali zilizofuatana zimekuwa zikijaribu kulipindisha.

Namna ya kulipindisha ni kushusha riba na kurefusha muda. Tuchukue mkopo wa Sh2 milioni. Kwa riba ya asilimia 14 inayohesabiwa kwa salio linalopungua, anayelipa kwa miaka 25 atatoa takriban Sh24,000 kila mwezi. Riba ikiwa asilimia 9 na muda ukabaki ule ule, malipo hushuka hadi karibu Sh16,800. Riba ya asilimia 6 kwa miaka 30 huyashusha hadi karibu Sh12,000. Nyumba ni ile ile na saruji ni ile ile, lakini malipo ya mwezi yamepungua kwa nusu. Mjadala wote kuhusu mikopo ya bei nafuu unahusu nani anayefidia nusu hiyo, na nani anayeruhusiwa kuifaidi.

Serikali yenyewe haikopeshi kila mtu kwa mkono mmoja. Walio karibu nayo zaidi ndio waliotangulia. Wabunge wana mpango wao wa mikopo ya nyumba kwa riba ya asilimia 3. Watumishi wa serikali kuu waliundiwa hazina yao mwaka 2004, mwaka ule ule ambao sera ya kitaifa ya nyumba ilichapishwa kama Waraka wa Bunge Nambari 3, na riba yao ikawekwa asilimia 5. Mwalimu alibaki nje. Si kwamba alisahauliwa. Mwajiri wake ni Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, ambayo ina sheria yake na, tangu Katiba ya 2010, ina kifungu chake, cha 237. Yeye ni mtumishi wa umma, lakini si mtumishi wa wizara. Tofauti hiyo, ambayo mzazi mwenye mtoto darasani haioni kabisa, imewagharimu walimu kwa miaka mingi.

Mwalimu alijisaidia kupitia chama cha akiba na mikopo. Mwalimu National Sacco, iliyoanzishwa mwaka 1974, pamoja na vyama vingine vya walimu vya wilaya na kaunti, vimejenga nyumba nyingi kuliko tangazo lolote la Ikulu, ingawa nyingi ya nyumba hizo hazipo Nairobi. Ziko mashambani, kwenye ardhi ya familia, na zilijengwa chumba kwa chumba kwa mikopo ya miaka mitatu au minne. Sababu ni ya kihesabu. Kwa kawaida Sacco humkopesha mwanachama hadi mara tatu ya akiba yake, na hutaka fedha zirudi upesi ili mwingine akopeshwe. Mkopo wa aina hiyo unatosha kuezeka paa Kisii au Murang'a. Hautoshi kununua nyumba ya vyumba viwili karibu na Barabara ya Juja.

Pengo hilo ndilo Kampuni ya Kufadhili Upya Mikopo ya Nyumba Kenya, KMRC, iliundwa kuziba. Ilisajiliwa mwaka 2018 na kupewa leseni na CBK Septemba 2020. Wizara ya Fedha ina hisa ndani yake, pamoja na benki kadhaa na Sacco 11, Mwalimu National ikiwa mojawapo. Benki ya Dunia ilikubali kuikopesha Kenya dola milioni 250 kwa ajili ya mpango huo, na Benki ya Maendeleo ya Afrika dola milioni 100.

Msomaji asidhani anaweza kuingia katika ofisi za kampuni hiyo kuomba mkopo. KMRC haimkopeshi mwananchi. Humkopesha mkopeshaji. Sacco au benki inapotoa mkopo wa miaka 20 huku amana za wateja wake zikiwa za miezi michache, hujiweka hatarini: wenye amana wakizitaka zote kwa pamoja, fedha zimo ndani ya kuta za nyumba ya mtu. KMRC huipa taasisi hiyo fedha za muda mrefu, zilizotolewa mwanzoni kwa riba ya asilimia 5, kwa sharti kwamba mwananchi atozwe riba isiyofika asilimia 10. Mwanzoni mkopo wa bei nafuu haukuruhusiwa kuzidi Sh4 milioni Nairobi na kaunti jirani za Kiambu, Machakos na Kajiado, na Sh3 milioni kwingineko. Mapato ya familia hayakupaswa kuzidi Sh150,000 kwa mwezi. Mwaka 2022 viwango vya mkopo viliongezwa hadi Sh8 milioni na Sh6 milioni. Nyongeza hiyo ilipokewa kwa furaha na wajenzi. Kwa mwalimu ilikuwa habari ya mashaka, kwani kikomo kikipanda, nyumba inayojengwa hupanda nacho, na mwenye uwezo wa kulipa Sh2 milioni huachwa pale pale alipokuwa.

Tanzania ilitangulia katika njia hii. Kampuni yake ya kufadhili upya mikopo ya nyumba, TMRC, ilianzishwa mwaka 2010, na baadaye ikaundwa Watumishi Housing, kampuni ya umma ya kuwajengea watumishi wa umma nyumba na kuwauzia. Huko mwalimu alihesabiwa kuwa mtumishi wa umma tangu mwanzo.

Ushuru wa nyumba

Mlango unaozungumzwa zaidi siku hizi ni ule wa nyumba za bei nafuu. Ulifunguliwa kwa kelele. Mwishoni mwa 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliahidi nyumba 500,000 katika Ajenda Nne Kuu. Makato ya kuzigharimia, yaliyoingizwa katika Sheria ya Fedha ya 2018, yalisimamishwa na mahakama kabla hayajaanza. Serikali ya Rais William Ruto iliyarudisha mwaka 2023. Pendekezo la kwanza lilikuwa la mchango wa akiba, kwamba mchangiaji asiyepata nyumba angerudishiwa fedha zake baada ya miaka saba. Bunge lilipomaliza kazi, mchango ulikuwa umegeuka ushuru usiorudishwa: asilimia 1.5 ya mshahara wote kutoka kwa mfanyakazi, na kiasi kama hicho kutoka kwa mwajiri. Novemba 2023 Mahakama Kuu iliamua kwamba ushuru huo ulikiuka Katiba, kwa sababu uliwalenga wenye ajira rasmi pekee. Bunge likatunga Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, iliyotiwa sahihi Machi 19, 2024, ambayo iliwaingiza pia wasio na mshahara, na Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu ikaidhinisha sheria hiyo.

Kwa hiyo mwalimu anayelipwa Sh45,000 hukatwa Sh675 kila mwezi kwa ajili ya nyumba. Makato hayo hayampi nyumba wala nafasi katika foleni. Wengi hudhani kinyume, na kosa si lao, kwani maneno yaliyotumiwa kuutangaza ushuru huo mwaka 2023 yalikuwa ya akiba. Anayetaka nyumba hana budi kujisajili katika mtandao wa Boma Yangu kwa kitambulisho cha kitaifa na nambari ya ushuru, aweke akiba ya malipo ya awali, kisha asubiri kugawiwa.

Sheria hiyo iliwapanga waombaji kwa mapato. Wanaopata chini ya Sh20,000 kwa mwezi walitengewa nyumba za kijamii. Wanaopata kati ya Sh20,000 na Sh149,000 ndio wa nyumba za bei nafuu zenyewe, na wanaozidi hapo waliwekwa katika kundi la tabaka la kati. Riba zilizotangazwa zilikuwa asilimia 3, 6 na 9 kwa kufuatana na makundi hayo, na muda wa kulipa ukafika miaka 30. Walimu wengi wa Nairobi wako katika kundi la pili.

Hapa pana jambo linalohitaji kuelezwa polepole, kwa kuwa ndilo linalochanganya watu zaidi. Nyumba nyingi za Boma Yangu haziuzwi kwa mkopo wa kawaida. Zinauzwa kwa mpango wa kupanga huku ukinunua. Katika mkopo wa kawaida, nyumba husajiliwa kwa jina la mnunuzi siku ile ile na benki huishika hatimiliki kama rehani. Mnunuzi ni mwenye nyumba aliye na deni. Akishindwa kulipa, benki lazima ifuate hatua zilizowekwa na Sheria ya Ardhi ya 2012: ilani, muda wa kurekebisha, tathmini ya bei, na mnada. Katika mpango wa kupanga huku ukinunua, nyumba hubaki mali ya muuzaji hadi shilingi ya mwisho ilipwe. Anayeishi ndani ni mpangaji aliyeahidiwa kuuziwa. Akishindwa kulipa mwaka wa kumi na nane, haki zake zinategemea mkataba aliotia sahihi, si sheria ya rehani. Mpango huu ni rahisi kuingia, kwa sababu hauhitaji mthamini wa benki wala mawakili wawili. Lakini mkataba wake usomwe neno kwa neno, hasa sehemu inayoeleza kitakachotokea kwa fedha zilizokwisha kulipwa iwapo mnunuzi atahamishwa kikazi, ataugua au atafariki.

Mwalimu ana sababu maalum ya kuuliza kuhusu uhamisho. TSC inaweza kumpeleka Wajir au Kilifi wakati wowote, na sheria ya 2024 hairuhusu nyumba kuuzwa kwa mtu mwingine bila idhini ya maandishi ya bodi inayosimamia mpango huo.

Septemba 2025 Rais Ruto aliwaambia walimu waliokusanyika Ikulu ya Nairobi kwamba asilimia 20 ya nyumba za bei nafuu zingetengwa kwa ajili yao. Mwalimu alikuwa ametajwa kwa fungu lake katika mpango huo, na walishangilia. Ahadi ya Ikulu, hata hivyo, si kanuni. Fungu likiandikwa katika kanuni za ugawaji, mwalimu aliyenyimwa anaweza kulidai mbele ya sheria. Likibaki katika hotuba, atalidai kwa nani?

Theluthi ya mshahara

Tuseme mwalimu ameipata nyumba. Kizingiti kinachofuata kimo ndani ya hati yake ya mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yote kwa pamoja kuzidi theluthi mbili za mshahara. Katika makato hayo mna kodi ya mapato, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii, asilimia 1.5 ya nyumba, mchango wa pensheni ulioanza Januari 2021, ada ya chama cha walimu, akiba ya Sacco, na mara nyingi mkopo mmoja au miwili ya karo na matibabu. Wahasibu wa mishahara huyafahamu vyema malalamiko ya mwalimu aliyeidhinishiwa nyumba halafu akaambiwa kwamba makato mapya hayaingii. Si kwamba hana mapato. Mapato yake yalikwisha kuahidiwa kwingine.

Umri nao huhesabika. Mwalimu hustaafu akiwa na miaka 60, na mkopeshaji hutaka deni liwe limekwisha kufikia siku hiyo. Anayeanza akiwa na miaka 45 ana miaka 15 tu. Mkopo wetu wa Sh2 milioni kwa riba ya asilimia 9, ukilipwa kwa miaka 15, unadai zaidi ya Sh20,000 kwa mwezi badala ya Sh16,800. Mwenye miaka 30 hulipia nyumba ile ile kwa wepesi zaidi. Bahati mbaya ni kwamba mwalimu wa miaka 30 ndiye mwenye mshahara mdogo na, mara nyingi, mwenye wadogo zake wanaosoma.

Gharama zingine hazionekani katika mabango. Nunuo la kawaida mjini hutozwa ushuru wa stempu wa asilimia 4 ya thamani, ingawa mnunuzi wa mara ya kwanza katika mpango wa nyumba za bei nafuu alisamehewa mwaka 2018. Kuna mthamini, wakili, na bima ya maisha inayolinda deni. Afueni iko upande wa kodi ya mapato: tangu mabadiliko ya Desemba 2024, riba ya mkopo wa nyumba ya kuishi hadi Sh360,000 kwa mwaka huondolewa katika mapato yanayotozwa kodi, kutoka Sh300,000 za awali. Anayelipa mkopo bila kudai afueni hiyo anaiachia serikali fedha zake.

Yaliyowahi kutokea Eastlands

Hakuna sehemu ya Kenya iliyofanyiwa majaribio mengi ya nyumba kama mashariki mwa Nairobi. Pumwani ilipangwa na wakoloni miaka ya 1920 kuwa mahali pa Waafrika. Kaloleni, Ziwani, Shauri Moyo, Bahati na mitaa mingine ya baraza la jiji ilikuwa ya kupanga tu. Mwafrika alihesabiwa kuwa mgeni wa mjini, aliyetarajiwa kurudi kwao kazi ikiisha, na wazo la kumkopesha anunue halikuingia akilini mwa waliopanga mji huo isipokuwa kwa kuchelewa sana. Eastleigh ilifuata mkondo wake. Ilikuwa ya ploti za watu binafsi, wengi wao Wahindi, na Wasomali walikuwapo mapema. Ndiyo maana hadi leo mikopo ya serikali huizunguka Eastleigh bila kuingia katikati yake: ardhi ya umma iko Pangani, Shauri Moyo na Starehe, huku Eastleigh yenyewe ikijengwa kwa fedha za wafanyabiashara.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika. Mwaka 1965 serikali na Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola, CDC, waliunda kampuni ya mikopo ya nyumba, HFCK. Mwaka 1967 Bodi Kuu ya Nyumba ya enzi ya ukoloni iligeuzwa Shirika la Kitaifa la Nyumba, NHC. Buruburu, iliyoanza kujengwa mapema miaka ya 1970 kwa ufadhili wa CDC, ndiyo iliyowafundisha Wakenya wa kawaida maana ya kulipia nyumba kila mwezi kwa miaka mingi. Walimu, makarani na wauguzi waliochukua mikopo hiyo wakiwa vijana walistaafu wakiwa na nyumba. Pengine hakuna mpango mwingine wa mikopo uliofaulu hivyo nchini, na haukuwa wa maskini.

Wenye mapato ya chini walipangiwa Umoja na Dandora. Umoja ilijengwa kwa mkopo uliodhaminiwa na serikali ya Marekani. Dandora, kwa fedha za Benki ya Dunia kuanzia 1975, ilikuwa na viwanja 6,000. Aliyefaulu alipewa kiwanja chenye choo, bafu na maji, pamoja na mkopo wa vifaa vya ujenzi, na vyumba akavijenga mwenyewe. Ili kustahili, familia ilipaswa kuwa na mapato kati ya Sh280 na Sh650 kwa mwezi, fedha za wakati huo.

Mpango wenyewe ulikuwa wa busara. Lakini kiwanja kilichogawiwa maskini kwa bei ya chini kilikuwa na bei nyingine sokoni, na tofauti ya bei hizo mbili ilimshawishi kila mtu. Baadhi waliuza haki zao kimyakimya. Wengine walijenga vyumba na kuvipangisha vyote, wakabaki wanaishi katika vibanda vya Mathare, kwa sababu kodi ya vyumba sita ilikuwa na manufaa kuliko starehe ya kulala katika kimoja. Si haki kuwalaumu. Walifanya hesabu ambayo wachumi wa mradi hawakuifanya. Sehemu kubwa ya Umoja iliishia mikononi mwa wenye mapato kuliko waliolengwa, na leo maghorofa yamesimama juu ya misingi iliyokusudiwa nyumba za chini.

Riba na wasio na mshahara

Eastleigh ina swali lake ambalo Buruburu haikuwa nalo kwa uzito huo. Wakazi wake wengi ni Waislamu, na Kiswahili hakina maneno mawili ya kutenganisha riba inayotozwa na benki na riba iliyokatazwa katika dini: neno ni hilo hilo. Mwalimu Mwislamu anayesoma kwamba serikali imemshushia riba hadi asilimia 6 hajasaidiwa hata kidogo ikiwa haichukui kabisa.

Benki mbili zinazofuata sheria za Kiislamu, Gulf African Bank na First Community Bank, zilifungua milango nchini mwaka 2008. Ya pili ilibadilisha jina mwaka 2023 na kuwa Premier Bank. Njia zao za kugharimia nyumba ni za aina tatu hasa. Katika murabaha, benki hununua nyumba na kumuuzia mteja kwa bei ya juu inayojulikana tangu mwanzo, naye hulipa kwa awamu. Katika ijara, benki hununua na kumpangisha mteja, na mwishoni humkabidhi. Katika musharaka ya kupungua, benki na mteja hununua kwa ubia, na mteja huinunua sehemu ya benki kidogo kidogo huku akilipia kodi sehemu iliyosalia. Kwa muda mrefu njia hizo zilikuwa na adhabu ya kodi, kwa kuwa nyumba inauzwa mara mbili na kila uuzaji una ushuru wa stempu. Sheria ya Fedha ya 2017 ilirekebisha sheria kadhaa, pamoja na ya ushuru huo, ili kuutambua mfumo wa Kiislamu. Mwaka 2023 ikatolewa sukuk ya Sh3 bilioni ya kugharimia ujenzi wa nyumba.

Mpango wa serikali wa kupanga huku ukinunua unafanana na ijara kwa sura. Malipo yake, hata hivyo, yametangazwa kwa hesabu ya asilimia za riba, na sura pekee haimtoshi mwenye kujali. Muulizaji atake kuonyeshwa mkataba na aupeleke kwa mwanachuoni anayemwamini kabla ya kulipa malipo ya awali.

Kitambulisho ni kizingiti kingine. Wakimbizi wanaoishi Eastleigh hawamo katika mpango huu. Wakenya wenye asili ya Kisomali wamo kwa sheria, lakini kwa miongo mingi vijana wao walipitishwa katika ukaguzi wa ziada kabla ya kupewa kitambulisho, ukaguzi ambao Rais aliufuta Februari 2025. Aliyecheleweshewa kitambulisho kwa miaka mitano amecheleweshewa pia akaunti, nambari ya ushuru na nafasi ya kujisajili.

Muuzaji nguo tuliyemtaja mwanzoni sasa hulipa ushuru wa nyumba kwa mujibu wa sheria ya 2024, hivyo ana haki sawa ya kuomba. Kinachomkwamisha ni uthibitisho wa mapato. Benki hutaka taarifa za akaunti za miezi kadhaa, wakati biashara yake hupita katika simu na mkononi. Vyama vya ushirika vya nyumba vilivyo chini ya NACHU, muungano ulioundwa mwaka 1979, vimekuwa vikiwakopesha watu wa aina hiyo kwa udhamini wa kikundi.

Mfano wa karibu uko Huruma, ng'ambo ya Barabara ya Juja. Katika kijiji cha Kambi Moto, wakazi waliojipanga chini ya Muungano wa Wanavijiji walihesabu wenyewe kila kibanda, wakaweka akiba ya kila siku, wakakubaliana na Baraza la Jiji kuhusu ardhi, na kuanzia 2003 wakajenga nyumba za mawe kwenye viwanja vidogo sana, chumba kimoja kwanza, kisha kingine juu yake, wenyewe wakibeba kokoto na kumimina zege. Mikopo ilitoka katika mfuko wao, Akiba Mashinani. Hapakuwa na hati ya mshahara hata moja. Aliyechelewa kulipa aliulizwa na jirani yake, si na dalali. Nyumba ni chache, na ujenzi ulichukua miaka, lakini waliolengwa ndio walioingia.

Nani atabaki ndani

Pangani, hatua chache kutoka Eastleigh, nyumba za zamani za kaunti zilibomolewa kupisha mradi wa maghorofa ulioanza 2020, wenye nyumba 1,562. Familia 48 zilizokuwa zikipanga hapo zilihamishwa kwa ahadi ya kurudi kama wanunuzi. Kwa wazee waliozoea kodi ya kaunti, kuwa mnunuzi kuna maana ya kulipa kila mwezi katika umri ambao benki haikopeshi tena. Wapangaji wa mitaa mingine mikongwe ya Eastlands, iliyo katika mipango ya ufufuzi, wameufuatilia mradi huo kwa makini.

Marekani ina mpango mmoja mdogo unaohusu walimu moja kwa moja. Wizara yake ya nyumba huwauzia walimu, polisi na wazima moto baadhi ya nyumba ilizotwaa kutoka kwa waliofilisika, kwa nusu ya bei, katika mitaa inayohitaji kuinuliwa. Mnunuzi hutia sahihi kwamba ataishi humo mwenyewe kwa miezi 36. Akiondoka kabla ya hapo, sehemu ya punguzo huwa deni. Sheria ya Kenya ya 2024 ilichagua njia nyingine: haikuweka muda wa kuishi, iliweka idhini ya bodi kabla ya kuuza. Inamzuia mwenye nyumba kuiuza. Haimzuii kuipangisha, na kupangisha ndiko kulikobadilisha Dandora.